Vitanda vya Tume

Mnanicheka. Nimewasikia. Eti Mzee Mrisho akikaribishwa kwenye nyumba ya watu hakai kitandani mpaka akibonyeze kwanza kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Chekeni tu, meno ni yenu. Lakini leo mvua imetufungia humu karakanani na gundi haikauki, kwa hiyo wekeni randa chini niwaeleze sababu, halafu mniambie kama ni jambo la kuchekesha.

Tuanze na kitanda chenyewe, maana ninyi mmezaliwa kwenye magodoro. Kitanda nilichofundishwa mimi kina matendegu manne ya kusimamia, mifumbati miwili ya ubavuni, halafu mbao mbili, ya kichwani na ya miguuni. Katikati unawamba kamba. Unailowesha, unaivuta ingali na maji, unapiga kona, unavuta tena, na mwenzako anakuja nyuma yako na kijiti anakaza isirudi. Ikikauka, ukiigusa inalia kama ngoma iliyoanikwa juani. Sasa alale mtu. Kesho yake tu kamba imeanza kulegea pale penye nyonga. Akilala siku chache, kitanda kimeshamjua. Ukipitisha mkono unajua kichwa anaweka wapi, na kama analala chali au ubavu. Na hilo si jambo la mafundi peke yao, msinielewe vibaya. Mtu yeyote wa huku kwetu aliyekulia nyumba ya udongo alilijua, kama mnavyojua chungu kimepikiwa au bado.

Aliyenifundisha ni Fundi Kibwana wa Kibuta, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Kitanda changu cha kwanza niliwamba kamba kavu kwa uvivu wa kwenda kisimani, na kikanunuliwa na watu wenye harusi. Alfajiri bwana harusi na bibi harusi wakapita katikati wote wawili mpaka sakafuni, kishindo kikasikika, na shangazi zao waliokuwa nje wakapiga vigelegele wakidhani mambo yamekwenda vizuri. Fundi Kibwana alinikimbiza na rula hadi barabarani. Alikuwa hodari wa kuchonga pia. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye cheo upande wetu, jina lake silitaji kwa sababu wajukuu zake tunasali nao, na Fundi alimchongea bakora ya mpingo, nyeusi tititi, kichwa chake kama ua la mkorosho. Yule mzee hakuiacha mkononi mpaka anakufa, tukawa tunamwita Mwenye Bakora. Ishikeni hiyo bakora akilini, itarudi.

Baada ya vita vya Hitla nikapata kazi ya serikali. Kulikuwa na nyumba ng'ambo ya Kisarawe ya kuwaweka watoto waliopatikana na makosa, nami nikaajiriwa kuwafundisha useremala. Mama yangu alichinja kuku kwa furaha, mwanawe kaajiriwa na serikali! Siku ya kwanza nilipoingia nikauliza makosa yao. Mmoja kachimba muhogo wa mtu kwa njaa. Mwingine kaokotwa stesheni hana kwao. Wengine, wallahi, kosa lao lilikuwa kufiwa na wazazi. Wote wamo ndani ya ukuta mmoja, wote wamenyolewa, wote wanamwamkia msimamizi wakiwa wamepiga magoti.

Msimamizi huyo alikuwa mtu mweusi kama mimi na ninyi. Mzungu mwenyewe alikuja mara mojamoja na gari lake, akachungulia, akaondoka. Aliyekaa na watoto ni huyu, na tulimwita Bwana Funguo, kwa sababu alitembea na shada la funguo kiunoni na ulimsikia kabla hujamwona. Watoto walijifunza kuusoma mlio huo. Ukienda haraka, kuna atakayepigwa.

Na sasa nifikie lililonikera mpaka leo. Wale watoto tuliunda nao makochi, meza, makabati, viti vya barazani, vyote vikapakiwa kwenda kwenye nyumba za wakubwa. Wenyewe walilala chini! Juu ya magunia ya katani, kwenye saruji, na masika saruji inatoa maji. Asubuhi nafika karakanani nasikia kukohoa kabla sijasikia mtu ananiamkia. Nikamwendea Bwana Funguo.

"Bwana, mbao za kubaki zipo. Niachie niwaundie watoto vitanda."

"Fundi," akanijibu huku anachokonoa meno, "hawa wameletwa kuadhibiwa. Wakilala pazuri watatoka humu wakitaka kurudi."

"Basi hata majamvi."

"Wewe umeletwa kufundisha randa au kunifundisha mimi?"

Nikaenda zangu karakanani. Nikarudi tena siku nyingine, na nyingine, mpaka akawa akiniona anageuza njia.

Katika watoto wale alikuwemo mmoja, Kulwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa gengi la reli pale Ruvu, akafariki, mtoto akabaki na mama yake wanalima bondeni kando ya mto. Nisikilizeni vizuri kosa la Kulwa.

Utani mnaujua, ingawa siku hizi mmeubakiza kwenye matusi ya mpira tu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tu watani tangu enzi za misafara. Zamani msiba ukitokea kwa Mzaramo, mtani anaingia bila hodi. Anakamata jogoo, anavaa kofia ya marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea na kusema, anazuia jeneza lisitoke mpaka akombolewe kwa kitu. Na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndiyo dawa ya msiba ile. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako.

Basi pale Ruvu akafariki mama yake Mzee Kondo, Mzaramo mwenzangu. Kulwa, mtoto wa kama darasa la tatu kwa hesabu za sasa, akaenda msibani kama mtani mzima. Akamnyaka jogoo wa Mzee Kondo mbele ya watu, Mzee Kondo akacheka akamwambia, "Peleka, Mnyamwezi weye, na usipovimbiwa si mtani wangu!" Mtoto akashika njia ya reli, jogoo kwapani, anampelekea mama yake. Akakutana na askari mgeni, kaletwa juzi kutoka mbali.

"Jogoo wa nani?"

"Wa Mzee Kondo."

"Amekupa?"

"Hapana. Nimechukua."

Na ni kweli! Mtani hapewi, anachukua. Angesema amepewa angekuwa amesema uongo. Mbele ya hakimu akaulizwa hivyohivyo, akajibu hivyohivyo, ikaandikwa kwamba amekiri. Mzee Kondo alipomaliza matanga akaenda mbio kueleza kwamba hakuna wizi, yule ni mtani wake, jogoo ni halali yake. Akaambiwa, "Mzee, kesi hii si yako tena, ni ya serikali." Mmepata kusikia jambo kama hilo? Mwenye mali anasema sikuibiwa, serikali inamwambia nyamaza, umeibiwa! Kulwa akaletwa kwetu, akae mpaka tabia yake itengemae.

Mama yake alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Ruvu, kifurushi cha viazi kichwani, akifika anaambiwa leo si siku ya kuonana. Alikuwa anasimama nyuma ya karakana yangu, anaongea nami kwenye ufa wa mbao.

"Shikamoo, Fundi." Alikuwa ananiamkia, na mimi nilikuwa mdogo kwake, lakini hakuwa na mwingine wa kumbembeleza. "Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anajifunza kazi."

"Analala wapi?"

Kila mara aliuliza hilo, analala wapi. Nami nikamwambia analala ndani. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Basi zikaja habari kwamba kuna Tume. Watu wa Ulaya walikuwa wamelalamika juu ya watoto wanaofungwa kwenye makoloni, ikaundwa Tume ipite kuangalia wanavyotunzwa, na ilisemwa kwamba ikimwona mtoto ameonewa ina uwezo wa kumtoa papo hapo arudi kwao. Bwana Funguo akaja karakanani mwenyewe, na leo ananiita ndugu yangu.

"Ndugu yangu Fundi, unda vitanda. Vya watoto wote. Haraka."

Nilimkumbatia, jamani! Mimi, nikamkumbatia yule mtu! Tukafanya kazi kama wendawazimu. Watoto wakubwa walipasua mbao, wadogo walilowesha kamba, na Kulwa akawa mwambaji wangu. Mikono yake midogo ilipita kwenye kona ambako yangu haikupita, na alikuwa na subira ya kuvuta kamba mpaka ikalia. Akajichagulia kitanda cha karibu na mlango. Siku moja akaniuliza, "Fundi, Tume wakiniachia nikarudi kwa mama, kitanda changu nimwachie nani?" Nikamwambia amwachie anayekohoa sana. Akafikiri, akasema wanaokohoa sana ni wengi.

Vitanda vikakamilika, vikapangwa bwenini, vikatandikwa mashuka meupe. Watoto wakasimama mlangoni wanatazama. Bwana Funguo akafunga mlango kwa ufunguo.

"Hakuna kulala humo mpaka Tume ipite. Mtavichafua."

Wakapelekwa kulala kwenye ghala la majembe, na magunia yao. Nilimwambia maneno mimi siku ile ambayo fundi hamwambii msimamizi. Akacheka. "Tume ikipita watalala," akaniambia. Nikajilazimisha kuamini, kwa kuwa nilivitaka vile vitanda vilaliwe kuliko nilivyotaka kumshinda yule mtu.

Siku ikafika. Watoto wamevishwa mashati meupe yenye mistari ya pasi, nyama imenukia jikoni mpaka nje ya ukuta. Nje ya geti wapo Mzee Kondo na mama yake Kulwa, wamekuja pamoja, na Mzee Kondo kabeba jogoo ndani ya tenga. Alitaka amkabidhi Kulwa mbele ya Tume, waone kwa macho yao kwamba huyo mtoto hana deni wala kesi. Askari hakuwafungulia. Kutoka bwenini tulikuwa tunamsikia jogoo anawika.

Tume yenyewe ilikuwa bibi wa Kizungu mwenye kofia, mgeni kabisa, Kiswahili hana hata cha salamu, karani wake, na mzee wa upande wetu aliyewekwa kuwa jicho la wenyeji, anayejua Kiingereza. Ni nani? Mwenye Bakora! Joho, kilemba, na ile bakora ya Fundi Kibwana mkononi. Moyo wangu ukatulia. Nikasema moyoni, huyu ni wetu, hadanganyiki huyu.

Wakaingia. Bibi akatazama mashuka, akatabasamu, karani akaandika. Mwenye Bakora akafika kitanda cha karibu na mlango, Kulwa kasimama wima kando yake. Akakaa juu yake. Kamba ikalia. Nilimwona, wanangu. Niliuona uso wake ukibadilika. Akabonyeza kwa kiganja, kamba haikubonyea. Akapitisha mkono kichwani, akapitisha katikati, akaniangalia mimi, nikamwangalia yeye. Alikuwa ameshajua kila kitu.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Kulwa."

"Kulwa! Mnyamwezi! Kumbe ni mtani wangu huyu!" Akacheka kwa sauti, watoto wakashangaa. "Hebu niambie, mtani. Kitanda hiki chako?"

"Ndiyo, mzee."

"Unalalia kichwa upande gani?"

Kulwa akatazama kushoto, akatazama kulia. Funguo zikalia nyuma yake. Akasema, "Sijui, mzee. Sijakilalia bado."

 Bibi akauliza kitu. Na yule mzee, aliyekalia kamba ambayo haijalaliwa kwa makalio yake mwenyewe, akamgeukia akasema maneno ya Kiingereza huku anatikisa kichwa kwa upole. Mimi Kiingereza sijui, lakini neno "gudi" nilikuwa nalijua, na alilisema mara mbili. Karani akaandika. Bibi akafurahi.

Kulwa hakujua kilichosemwa. Alichojua ni kwamba mzee mkubwa amemwita mtani. Tangu aingie mle ndani hakuna aliyemwita hivyo. Uso wake ukafunguka, nikamwona mtoto yule wa Ruvu niliyesimuliwa tu. Akanyoosha mkono, akainyakua bakora, akaikumbatia kifuani. "Mzaramo weye, hii yangu! Mpaka unikomboe!"

Nilitaka kupiga makofi. Lilikuwa jambo lilelile, jogoo yuleyule! Mzee akicheka tu, akisema "Nakukomboa, mtani," na akamweleza bibi kwamba hii ndiyo desturi yetu, basi kesi yote ya Kulwa imekwisha pale pale, na mama yake yupo getini. Hakutakiwa kufanya chochote zaidi ya kucheka.

Bwana Funguo akaruka, "Mwizi huyo!" akamzaba mtoto kofi, bakora ikaanguka kwenye saruji. Bibi akauliza, safari hii kwa wasiwasi. Mwenye Bakora akainama, akaiokota, akaipangusa kwa ncha ya joho. Akamjibu bibi, halafu akatutafsiria na sisi kwa Kiswahili ili tujue amesema nini. "Nimemwambia kwamba huyu bado hajaacha wizi. Ndiyo maana yuko hapa."

Nikapiga kelele. "Mtani wako huyo! Umemwita wewe mwenyewe, tumekusikia wote! Na kitanda umekikalia, mwambie bibi kitanda kimelaliwa au hakikulaliwa! Mwambie!" Bibi alirudi nyuma, akidhani nina kichaa. Askari wawili wakanibeba. Nilitupwa nje ya geti, pale pale miguuni pa mama yake Kulwa. Akauliza, "Fundi, wamemwachia?" Jogoo bado anawika ndani ya tenga. Sina haja ya kuwaambia nilimjibu nini.

Kazi ikaishia hapo, na sijutii hata kidogo. Kesho yake nimekaa kando ya barabara, lori likapita limepakia vitanda vyangu vyote, matendegu juu, vinapelekwa kwenye nyumba ya kupumzikia wageni wa serikali. Vilikwenda kulaliwa na watu wenye vitanda kwao! Tume nayo ikatoa maneno yake, tukaambiwa imeridhika, watoto wanalala vizuri. Wakija tena watu wa kuuliza watoto wanaishije, na watakuja, hao hawaishi, wapelekeni kwanza mahali palipofungwa kwa ufunguo.

Mnataka kujua habari za Kulwa. Alitoka mle ndani ndevu zimeanza kumwota. Mama yake alikuwa ameshazikwa Ruvu, na mtoto hakuruhusiwa kwenda hata kutia udongo kaburini. Akaingia kazi ya reli kama baba yake. Tulikutana mara mojamoja, tukiongea habari za mbao na mvua. Yale mengine hakuyataja, nami sikuyagusa.

Miaka ikapita, Mwenye Bakora akafariki. Msiba mkubwa, watu kutoka Magindu mpaka Dar es Salaam, na askari wamesimama njiani kwa heshima. Maiti ilikuwa imeshaingizwa kwenye jeneza, kitanda chake cha kamba kimetolewa uani, bakora imeegemezwa juu yake. Nikaona watu wanapisha njia. Kulwa kaja, na nguo zake za gengi. "Mtani huyo!" mtu akasema, na vicheko vikaanza kabla hajafanya kitu, maana watu walikuwa na hamu ya kucheka.

Akazuia jeneza lisitoke. Akatwaa bakora. Akakaa kwenye kitanda cha marehemu, akakibonyeza kwa kiganja, kamba ikabonyea. Akapitisha mkono kichwani, akapitisha katikati, taratibu, akasema kwa sauti ileile ya marehemu, sauti kabisa, mpaka binti zake wakashika vichwa kwa kucheka. "Hebu niambie, mtani. Kitanda hiki chako? Unalalia kichwa upande gani?"

Halafu akajijibu kwa sauti nyembamba ya mtoto. "Sijui, mzee. Sijakilalia bado."

Uani walivunjika mbavu. Walidhani ni mchezo mpya. Akainua kidevu, akasema, "Gudi, gudi," wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza.

Mtoto mkubwa wa marehemu akaja kukomboa bakora ya baba yake. Alimpa nini? Jogoo. Kulwa akairudisha bakora kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akamtia jogoo kwapani, jeneza likapita. Yeye akashika njia yake peke yake. Pale kwenye kona alisimama askari, kijana wa kwetu, na Kulwa akaenda akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Jogoo huyu," akamwambia, "sikupewa. Nimechukua."

Yule askari akaangua kicheko, akampisha apite. Kulwa hakucheka.